Mche Hautolewi Nje kwa Ghafla

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Ndugu msomaji, katika jarida hili la Chama chetu cha Kiswahili tumezoea kusoma mashairi, vitendawili na hadithi za sungura na fisi. Mwaka huu nimeonelea nizungumzie jambo tunalolipita kila asubuhi tukija shuleni, jambo ambalo kwetu nyumbani ndilo linalolipa chakula changu cha mchana hapa shuleni. Jambo lenyewe ni miche ya miti.

Sitaeleza jinsi ya kupanda mti. Hilo hata mtoto wa chekechea atakuambia: chimba shimo, weka mche, mwagia maji, basi. Nataka kueleza kazi inayokuja kabla ya shimo, yaani namna ya kuutoa mche kivulini ulikolelewa na kuupeleka nje kwenye jua, upepo, mvua ya mawe na baridi bila kuuua. Kazi hiyo wataalamu huiita kukomaza miche. Mamangu huiita kuzoesha, na mimi nalipenda zaidi neno lake.

Mama ana kitalu kando ya barabara upande wa Bahati, ile barabara inayotoka Nakuru kwenda Subukia na Nyahururu. Si kitalu kikubwa. Ni vitanda vitano vya miche vilivyofunikwa kwa wavu mweusi, pipa la maji na kibanda kidogo cha mabati. Kabla sijaja shuleni mimi hunyunyiza maji, na jioni nikirudi huwa nasogeza pakiti, nang'oa magugu na kukata mizizi. Kwa hivyo mengi ya nitakayoyaeleza nimeyashika kwa mikono, na mengine nimeyaelewa katika somo la Biolojia na la Kilimo.

Kupanda ni kumoja, kuishi ni kwingine

Sisi Wakenya tunapenda kupanda miti, na si jambo la jana. Mwaka 1922 afisa mmoja wa misitu kutoka Uingereza, Richard St. Barbe Baker, pamoja na chifu Josiah Njonjo walianzisha hapa nchini chama kilichoitwa Watu wa Miti. Hilo jina lenyewe ni la Kiswahili, kwa hivyo nafikiri chama chetu kinaweza kujivunia kidogo. Tarehe 13 Novemba 2023 taifa zima lilipewa likizo ili watu wapande miti, na lengo la siku hiyo lilikuwa miche milioni 100. Serikali nayo imejiwekea shabaha ya miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032.

Hesabu hizo ni kubwa na zinafurahisha masikio. Lakini ukitembea kidogo utaona vijiti vikavu vimesimama kwa mistari iliyonyooka vizuri, na kila kijiti kiko katikati ya kisahani chake cha udongo. Hivyo vilikuwa miche. Siku ya kupandwa vilihesabiwa kama miti na watu wakapigwa picha.

Profesa Wangari Maathai alilielewa jambo hili mapema. Alipoanzisha vuguvugu la Green Belt mwaka 1977, akina mama waliokuza miche walikuwa wakilipwa pesa kidogo kwa kila mche ulioshika na kuishi, si kwa kila mche uliotoka kitaluni. Mwaka 2004 alipata Tuzo ya Amani ya Nobel, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Mimi nikiwaza juu ya sifa zake, ile kanuni ndogo ya kulipa mti ulio hai ndiyo hunipendeza zaidi. Mti hauhesabiwi siku ya kupandwa. Huhesabiwa baada ya kiangazi cha kwanza.

Kwa nini mche hushtuka?

Nilipokuwa mdogo nilimuuliza mama kwa nini tusiutoe tu mche kivulini tukamaliza. Naye akaniuliza, "Wewe ukivuliwa blanketi ukarushwa nje saa kumi za usiku, utaamka ukiwa mzima?" Nilicheka, lakini baadaye darasani nilikuja kuona kwamba jibu lake lilikuwa na sayansi ndani.

Jani lililokua kivulini huwa pana, laini na jembamba. Limejitengeneza hivyo ili linase mwanga kidogo uliopo. Nta inayolifunika juu ni nyembamba pia, kwa sababu halikuwa na haja ya kujikinga. Sasa ukilitoa kwa ghafla kwenye jua la saa sita, mambo mawili hutokea kwa pamoja. Kwanza, mwanga unazidi kiasi ambacho jani linaweza kukitumia, na ile rangi ya kijani huungua. Utaona mabaka meupe au ya kahawia kana kwamba mtu amelipiga pasi. Pili, maji hutoka ndani ya jani kwa kasi kupitia vitundu vidogo ambavyo katika Biolojia tunaviita stomata. Upepo ukivuma ndio unazidisha, vile nguo hukauka upesi siku ya upepo.

Chini nako mizizi ni michache, imejikunja ndani ya pakiti ndogo. Haiwezi kuleta maji kwa kasi ile ambayo jani linayapoteza. Mche ni kama mtu mwenye matumizi makubwa na mshahara mdogo. Utaendelea siku mbili tatu, kisha utafilisika. Watu watasema, "Aah, miche ya huyu mama ilikuwa mibaya," kumbe mche ulikuwa mzuri ila ulitolewa nje vibaya.

Mche ukitolewa polepole, hujirekebisha wenyewe. Majani mapya yanayotoka huwa madogo kidogo, mazito na yenye nta zaidi. Shina huanza kuwa gumu na kugeuka rangi kutoka kijani kuwa kahawia. Majani ya zamani hayabadiliki sana, ndiyo maana kazi hii haiwezi kufanywa kwa siku mbili. Ni lazima ungoje majani mapya. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba haraka haraka haina baraka.

Hali ya hewa yetu si ya mchezo

Kuna wanaodhani hali mbaya ya hewa ni ya Ulaya tu kwenye theluji. Hebu tuangalie hapa kwetu. Mji wa Nakuru uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na ikweta inapita kaskazini yetu kidogo, pale Mogotio ambapo kuna alama yake kando ya barabara. Kwa hivyo jua letu la mchana linatoka karibu juu ya utosi na kupitia hewa nyepesi. Linachoma kweli kweli, hata siku ambayo wewe mwenyewe unahisi baridi. Jioni ikifika na mbingu ikiwa haina mawingu, joto hutoroka haraka. Mche unaweza kuungua saa saba na kutetemeka saa kumi na moja alfajiri ya siku iyo hiyo.

Udongo wetu mwingi ulitokana na majivu ya volkeno, na Menengai iko hapo juu yetu kama shahidi. Ni udongo mwepesi unaopitisha maji upesi, kwa hivyo ukikosa mvua wiki mbili tu juu panakuwa unga. Inasemekana hata jina Nakuru lilitokana na neno la Kimaasai lenye maana ya vumbi. Aliyekaa hapa kuanzia Januari hadi Machi hahitaji kuambiwa kwa nini.

Isitoshe, mteja anayenunua mche kwetu huenda akaupeleka mbali na hali tofauti kabisa. Akishuka kwenda Mogotio, atakutana na joto na ukavu. Akipanda kwenda Ol Kalou, Molo au Mau Narok, atakutana na jalidi, ile barafu nyembamba inayofunika nyasi alfajiri. Ndiyo maana swali la kwanza la mama kwa mteja huwa, "Unaupeleka wapi?" Wengine hudhani anauliza umbea.

Hatua za kuuzoesha mche

Sasa tufikie kazi yenyewe. Mvua ya masika huku kwetu huanza kushika mwisho wa Machi au Aprili. Basi kazi ya kuzoesha huanza majuma manne hadi sita kabla ya hapo, yaani katikati ya Februari. Jua la Februari ndilo kali zaidi, kwa hivyo usiruke hatua hata moja.

Hatua ya kwanza ni mizizi. Pakiti ikikaa chini muda mrefu, mizizi hutoka kwenye matundu ya chini na kuingia ardhini. Mche wa namna hiyo hunawiri sana, lakini unakula nje ya nyumba yake. Siku ukiung'oa kumpa mteja, mizizi yote iliyokuwa ikiulisha inabaki chini. Sisi huinua pakiti kila baada ya wiki tatu au nne na kukata mizizi iliyotokeza kwa wembe safi. Baada ya kukata tunamwagilia vizuri na kuacha miche kivulini siku kadhaa. Usikate mizizi na kuondoa kivuli siku moja. Huko ni kumpiga mgonjwa.

Hatua ya pili ni nafasi. Miche iliyobanana hupeana kivuli na kukimbilia juu, ikawa mirefu na dhaifu kama mlingoti wa kuazima. Itenganishe ili hewa ipite na kila mmoja upate mwanga pande zote. Panga mirefu pamoja na mifupi pamoja, la sivyo mirefu itainyima mifupi jua.

Hatua ya tatu ni jua lenyewe. Juma la kwanza tunafunua wavu asubuhi mpaka saa tatu, kisha tunafunika, halafu tunafunua tena kuanzia saa kumi jioni. Juma la pili tunaacha wazi mpaka saa nne na nusu hivi, na jioni tunafunua saa tisa. Juma la tatu miche hukaa wazi karibu siku nzima, ila saa sita mpaka saa nane tunatazama. Majani yakianza kulegea sana tunarudisha kivuli. Juma la nne wavu unaondolewa kabisa, mchana na usiku. Kama huna wavu tumia nyasi au matawi juu ya fito, na badala ya kufunua na kufunika, punguza nyasi kidogo kidogo kila siku chache. Siku ya mawingu si siku ya kuruka mbele. Jua likitoka kesho yake litakukumbusha.

Hatua ya nne ni maji. Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, maana jua likizidi mtu hutaka kuongeza maji. Ni kweli kwamba siku za kwanza za jua mche unahitaji maji ya kutosha. Lakini kuanzia juma la tatu tunapunguza taratibu, kutoka kila siku hadi siku moja baada ya nyingine, na mwishowe tunangoja mche wenyewe useme. Mche ukilegea kidogo saa saba mchana na kuinuka jioni, huo unajifunza. Ukiwa bado umelegea asubuhi, huo unakufa, mpe maji mara moja. Njia nyingine rahisi ni kuinua pakiti. Pakiti nyepesi kama mkate ni kavu, pakiti nzito kama tofali bado ina maji. Mwagilia asubuhi mapema au jioni, kwani maji ya saa sita mengi huishia hewani.

Baridi, mvua ya mawe na upepo

Jalidi haiji ovyo. Huja usiku wenye nyota nyingi, bila mawingu na bila upepo, hasa miezi ya Januari na Februari huko juu Nyandarua, Molo na Mau. Mawingu ni kama blanketi. Yasipokuwepo, joto la ardhi huenda zake angani. Tena hewa baridi ni nzito, huteremka kama maji na kukusanyika bondeni. Kwa hivyo anayepanda maparachichi huko asichague sehemu ya chini kabisa ya shamba, hata kama ndiyo yenye rutuba. Mparachichi mchanga na mgrevilea mchanga, ambao wengi wanauita mukima, huumizwa na jalidi upesi. Mtarakwa huvumilia zaidi kwa sababu milima ndiyo kwao.

Ukiona dalili za usiku wa namna hiyo, fanya mambo mawili. Kwanza, mwagilia udongo mchana, maana udongo wenye maji hutunza joto kuliko udongo mkavu. Pili, funika mche jioni kwa nyasi au gunia lililoegemezwa kwenye vijiti, lisiguse majani. Asubuhi jua likitoka, lifunue. Nimeona watu wanafunika kwa karatasi ya plastiki na kuisahau mpaka saa sita. Mche uliookoka barafu ukapikwa mchana, huo ni msiba wa kujitakia.

Mvua ya mawe nayo haitoi notisi. Huku kwetu huja mchana au jioni baada ya asubuhi yenye joto, na kwa dakika kumi inaweza kuchana majani yote ya kitalu. Wavu wetu mweusi husaidia, lakini lazima uwe na mwinamo. Ukiwa umelala bapa, mawe hujaa katikati, wavu unashuka na kulalia miche. Miche iliyopigwa isitupwe. Kata sehemu zilizovunjika, uiache kivulini siku kumi hivi, na mingi itachipua.

Upepo ndio adui ambaye watu humsahau kwa sababu hauchomi wala haugandishi. Mche uliozoea jua nyuma ya ukuta bado haujazoea upepo. Wakati wa kuzoesha uache utikisike kidogo, maana shina linalotikiswa huwa nene na gumu. Shambani weka kizuizi cha matawi upande upepo unakotokea. Jua la alasiri likiwa kali, ongeza tawi moja lenye majani upande wa magharibi kwa wiki mbili tatu za mwanzo. Kisha tandaza nyasi kavu juu ya shimo ili udongo usikauke, lakini zisiguse shina, maana zitalifanya lioze.

Siku ya kupanda yenyewe chagua siku ya mawingu au jioni, baada ya mvua kuloweka udongo mpaka ndani, si baada ya manyunyu ya kwanza. Mvua ya kwanza hudanganya. Huja siku mbili, watu wanakimbia kwa majembe, halafu inapotea wiki mbili.

Mteja hununua kwa macho

Hapa ndipo penye uzito wa makala haya, nami naomba usome polepole. Mche uliozoeshwa hauvutii. Ni mfupi, majani yake ni madogo na si ya kijani kibichi kile cha kung'aa. Mche uliotoka moja kwa moja kivulini ni mrefu, laini na unapendeza kama bibi harusi. Sasa mteja akisimamisha gari na kuona miche hiyo miwili kwa bei moja ya shilingi 20, atachukua upi?

Nimesimama kando ya mama mara nyingi nikisikia. "Mama, hii yako mbona imekonda? Hapo mbele wanauza mirefu kwa bei hiyo hiyo." Mama hueleza, wengine husikiliza, wengine huwasha gari. Masika yaliyopita kuna Jumamosi tuliuza miche kumi na mmoja tu kutwa nzima, na hiyo ndiyo miezi ambayo tunategemea pesa za mwaka. Jioni baba akamwambia, "Mama watoto, uza vile watu wanataka. Ukishalipwa, huo mti ni wao." Mama akakaa kimya akipanga pakiti. Mwishowe akasema, "Baba, mtu akikausha miche yangu hatarudi, na atawaambia na jirani zake. Nitakuwa nimeuza mara moja." Hawakugombana, lakini nilijua kwamba wote wawili walikuwa wakifikiria pesa zangu za chakula.

Kesho yake nilichukua karatasi ya manila nikaandika kwa kalamu nene: MICHE YETU IMEZOESHWA JUA NA BARIDI. Tukaitundika kibandani. Haikuleta msururu wa magari, nisikudanganye. Lakini iliwafanya watu waulize, "Kuzoeshwa ni nini?" na mtu akishauliza, mama hupata nafasi ya kumwonyesha. Huweka mche wetu na mwingine mlaini mkononi mwake na kumwambia ashike shina la kila mmoja. Mikono huelewa upesi kuliko macho.

Kwa hivyo, msomaji, wewe au mzazi wako mkisimama kitaluni msiangalie urefu. Angalieni mambo haya. Shika shina: liwe gumu, chini limegeuka kahawia, na unene wake ukaribie kalamu ya risasi. Linganisha urefu wa mche na pakiti yake, maana mche uliozidi pakiti mara tatu una mdomo mkubwa na tumbo dogo. Inua pakiti: kama imeshikwa chini na mizizi, uachane nayo. Tazama iwapo miche iko juani au imefichwa kivulini, na uulize imetolewa lini. Muuzaji mwaminifu atakujibu. Kama umenunua mlaini tayari, usilie. Upeleke nyumbani, uuweke chini ya mti au ukingoni mwa nyumba upande wa mashariki, na uuzoeshe wewe mwenyewe kwa wiki tatu nne kabla ya kupanda.

Miti ya chungu

Siku hizi wapo watu mjini wanaofuga miti midogo kwenye vyungu sebuleni. Wajapani ndio wanaojulikana sana kwa sanaa hiyo iitwayo bonsai. Huko Washington, Marekani, kuna msonobari mweupe wa Kijapani ulioanza kulelewa chunguni mwaka 1625. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la atomiki lilipoangushwa Hiroshima, mti huo ulikuwa kilomita zipatazo tatu tu kutoka hapo, nyuma ya ukuta, ukaokoka. Familia ya Yamaki iliyoutunza iliutoa kuwa zawadi kwa Marekani mwaka 1976. Mti wa karibu miaka 400, ndani ya chungu!

Nimeutaja kwa sababu mti wa chungu na mche wa pakiti ni ndugu. Wote wawili wana udongo kidogo unaokauka na kupata joto haraka, na wote hawawezi kukimbia mvua ya mawe. Mwenye mti wa sebuleni akitaka kuutoa nje, afuate hatua zile zile. Aanze na veranda mahali penye jua la asubuhi pekee, aongeze saa taratibu, na auweke juu ya matofali mawili ili maji yapite chini. Chungu cha udongo hukauka upesi kuliko cha plastiki, kwa hivyo akikague kila siku kwa kidole. Mawingu meusi yakikusanyika alasiri, aurudishe ndani. Mti huo umeishi karne nne kwa sababu kila kizazi kilikuwa na mtu wa kuuangalia.

Na sisi shuleni je?

Sisi ni shule ya kutwa. Saa kumi na moja tunaondoka, na Aprili, wakati mvua inapoanza, shule inafungwa. Shule moja ninayoijua, ambayo sitaitaja, ilipanda miche mingi siku ya wageni. Ilitolewa kwenye lori moja kwa moja, mirefu na mizuri. Wanafunzi waliporudi muhula wa pili walikuta vijiti na mbuzi watatu.

Pendekezo langu ni rahisi. Tukitaka miti hapa kwetu, tuagize miche mwezi wa Februari badala ya siku ile ya kupanda. Iwekwe nyuma ya maktaba, na kila darasa lipewe juma lake la kufunua na kufunika wavu. Kazi hiyo haichukui dakika kumi. Wanaokaa karibu wagawane siku za likizo. Na ubao wa matangazo usiandikwe idadi ya miche tuliyopanda. Uandikwe idadi ya iliyo hai mwezi wa Machi mwaka unaofuata, hata ikiwa ni kumi na mitatu.

Mto Njoro unatoka msitu wa Mau na kuishia Ziwa Nakuru. Kila mti unaoshika kule juu unashikilia udongo ambao ungeteremka na maji mpaka huku chini. Kwa hivyo swali la mche kuishi au kufa si la mamangu na wateja wake peke yao.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mche nao ni mtoto. Ukimfungia ndani atalegea, ukimtupa nje atakufa, lakini ukimshika mkono kidogo kidogo mpaka mlangoni, atatoka mwenyewe. Naomba niweke kalamu chini. Anayetaka kujifunza kukata mizizi anikute Jumamosi kitaluni, aje na wembe wake.